Chumba cha Kopi

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa cheo! Mratibu wa Dawati la Malalamiko ya Unyanyasaji wa Kingono. Jina refu, mshahara ule ule. Mkuu wa kitivo aliniita ofisini kwake akanisifu mpaka nikajua kuna jambo. Sisi tunamwita Mama Semina, maana kwake kila tatizo dawa yake ni semina. Eti wanafunzi wananipenda, eti nina sikio. Mhadhiri msaidizi mwenye vipindi vingi kuliko wote — lakini nina sikio. Nikakubali. Mimi nikisifiwa nalainika.

Chumba si kibaya. Meza, viti, kabati la vitabu, boksi la tishu. Kipo katikati ya korido, kinatazamana na chumba cha walimu. Mlangoni kuna kibao kipya cha bluu chenye jina lote, herufi kubwa. Unakisoma ukiwa bado kwenye ngazi.

Mume wangu kauliza, kwa hiyo sasa unakamata watu? Nikamwambia mimi nasikiliza tu. Akasema basi aanze yeye, ana malalamiko kuhusu chumvi kwenye mboga.

Alhamisi, 7 Machi

Hajaja mtu. Nimesahihisha majaribio yote, nikapanga tishu upya. Mama Semina alipita, akachungulia, akafurahi: unaona, chuo chetu ni salama!

Jumanne, 12 Machi

Sasa nimeelewa.

Leo msichana mmoja alifika hadi mlangoni. Kilemba cha njano, mkoba kaukumbatia kifuani. Ng'ambo walimu walikuwa wanakunywa chai, mlango wazi. Maongezi yakakatika. Wakamtazama yeye, wakatazama kibao, wakamtazama tena. Yeye akanyoosha njia akaenda chooni. Chooni! Akakaa humo weee, mpaka mimi nikaona aibu kuendelea kumsubiri, nikafunga nikaenda darasani.

Watu wazima, wasomi, tumekaa vikao chungu nzima kujadili usiri. Hakuna aliyewaza kwamba kuingia mle ni sawa na kujitangaza kwa kipaza sauti. Na mimi nilikuwemo. Nilichangia mada ya rangi ya kibao.

Jumatano, 13 Machi

Nimekiondoa kibao. Kisha nikaenda kwa Mama Semina, nikamwomba mashine ya kopi ya kitivo ihamie chumbani kwangu. Akauliza, kopi na unyanyasaji vinahusiana nini? Nikamwambia, hakuna anayemshangaa mtu aliyekwenda kutoa kopi. Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akaja kuisukuma mashine yeye mwenyewe, na vile viatu vyake virefu! Nimemdharau bure huyu mama.

Kabati tumelivuta katikati ya chumba, mgongo wake ukatazama mlango. Nyuma yake kiti, meza ndogo na tishu. Mlangoni nimebandika karatasi: KOPI. Na kiongozi wa wanafunzi wa kike amepitisha neno mabwenini, kwa mdomo tu: mwenye shida aulize kama kuna kopi ya rangi. Mashine yetu haitoi rangi. Kila mtu analijua hilo.

Ijumaa, 15 Machi

Foleni! Wino utaisha kabla ya mwezi.

Kilemba cha njano kilikuwa mwisho wa foleni. Alipofika kwangu aliangalia kwanza nyuma yake. Mwalimu, kuna kopi ya rangi? Nikamwambia pita huku, mdogo wangu. Alilia kwanza. Sikumharakisha.

Msimamizi wa tasnifu yake ameikalia sura ya tatu tangu mwaka jana. Akimfuata ofisini anaambiwa pale pana kelele, sura hiyo inataka utulivu, ailete nyumbani jioni, mama watoto hayupo. Amekataa kila mara. Mara ya mwisho mzee huyo akafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akamshika kiuno. Binti akapigana, akafungua mlango, akakimbia, kiatu kimoja kikabaki ndani. Kesho yake mzee akamletea darasani kwenye mfuko wa plastiki. Mbele ya wenzake! Eti, binti, ulisahau hiki kwangu. Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo wanamtazama kwa jicho jingine.

Akanyoosha mguu kunionyesha. Viatu vya kijani, vina ua la ngozi mbele. Ndivyo hivi, mwalimu, sina vingine.

Nikamuuliza ni nani huyo. Akamtaja.

Ni Profesa wangu.

Jumamosi, 16 Machi

Profesa aliyenisimamia mimi. Aliyesoma tasnifu yangu koma kwa koma. Aliyekuja kuzika baba yangu mvua ikinyesha, akabaki mpaka mtu wa mwisho alipoondoka. Ananiita mwanangu. Kwangu hajawahi kuteleza hata kwa neno.

Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Mume wangu akauliza, huyo binti unamwamini? Nikasema ndiyo. Namwamini. Ila moyo unaniuma, na nimechukia kwamba unauma kwa ajili ya mzee.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemweleza Mama Semina kila kitu, pamoja na ukaribu wangu na mzee. Hakufanya semina. Amesema kesi itasikilizwa na watu wengine, nisiiguse. Kazi yangu ni kupokea maelezo ya binti, yaliyoandikwa na kusainiwa naye. Yakifika mezani kwake kesho kabla ofisi hazijafungwa, binti anapewa msimamizi mwingine. Yasipofika, orodha ya wasimamizi inapitishwa na kitivo kama ilivyo na anabaki mikononi mwa yule yule.

Nilipomweleza binti, akaniuliza, nikiandika nitahitimu kweli? Sikutaka kumdanganya. Nimemwambia sijui yote, ila sura yako itasomwa na mtu mwingine, mchana, mlango wazi. Amesema atakuja kesho.

Jumanne, 19 Machi

Amekuja! Yuko nyuma ya kabati, anaandika. Umeme umekatika, mashine kimya, foleni imetawanyika. Mimi naandika hapa ili nisimkodolee macho. Naisikia kalamu yake. Inakwenda vizuri.

Hodi.

Ni Profesa. Ana karatasi mkononi. Mwanangu, nitolee kopi mbili. Shikamoo imenitoka yenyewe. Nimemwambia umeme hakuna. Kasema hana haraka, atasubiri. Kavuta kiti, kakaa.

Kalamu imenyamaza.

Sijui nimfukuzeje mtu ambaye sijawahi kumfukuza. Ananiuliza mguu wa mama unaendeleaje. Ameukumbuka mguu wa mama! Namjibu huku naandika, anadhani nasahihisha. Anasema nimekonda, nisijiue kwa kazi. Anaisifu akili ya kuleta mashine humu. Nyuma ya kabati hakuna hata pumzi.

Mungu wangu — kabati lina miguu! Tulipima urefu, tukapima upana. Chini hatukutazama. Kuna nafasi, na kwenye nafasi hiyo kuna viatu vya kijani vyenye ua mbele. Kutoka alipokaa yeye, vinaonekana vyote viwili.

Alikuwa anasema kitu kuhusu mkutano wa kitivo. Amekatisha katikati ya neno. Anatazama chini.

Amevijua. Alikibeba kimoja kwa mkono wake.

Ameniuliza, nani yuko huko? Si sauti ninayoijua. Mwanangu, nakuuliza, nani yuko huko? Amesimama.

Na mimi nimesimama. Nimekuja kusimama kati yake na kabati, mgongo umegusa mbao, daftari nimeliegemeza mkononi. Naandika ili nisimtazame usoni. Nimemwambia: yuko mtu na kazi yake, Profesa. Kopi zako uje nazo kesho.

Hajaondoka. Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Machozi yananilenga, sitayafuta mbele yake.

Nyuma yangu kiti kimelia. Nilidhani anakimbia.

Hapana. Kalamu imeanza tena.