Mama, Yule Mgeni Hakurudi

Mpendwa mama,

Najua kusoma hukujua. Barua zangu zote za chuo cha ualimu ulisomewa na mdogo wako, Mama mdogo Skola, naye alikuwa anatia chumvi yake humo ndani. Ndiyo maana siku moja ulinijibu kwamba umefurahi sana kusikia nimenenepa, wakati mimi sikuandika lolote kuhusu kunenepa. Hii nayo ataisoma yeye, kwa sauti, pale tulipokulaza miaka mitatu iliyopita. Akitia chumvi usimsadiki. Safari hii mambo yenyewe yanatosha.

Nina mimba, mama. Inaingia mwezi wa nne. Ya kwanza ilipotoka ulikuwepo, ulikaa pembeni ya kitanda ukanishika mguu juu ya blanketi. Ya pili ilitoka wewe haupo. Hii ni ya tatu, na kwa wiki tatu zilizopita nililala na kuamka nikiwa na hofu moja tu: kwamba mtoto huyu atazaliwa haoni au hasikii, na kwamba mimi ndiye niliyemletea maradhi hayo kwa mikono yangu.

Ilianzia darasani. Bado nafundisha chekechea hapa Ruhuwiko. Ulikuwa mwezi wa sita, unaijua baridi yetu, watoto wote wamevaa masweta ya mitumba hadi magotini. Kuna binti mmoja, Edita, asubuhi hiyo alikuwa mnyonge, hataki hata kuimba. Nikambeba mgongoni mpaka kwao. Nilipomvua sweta ndipo nikaona: vipele vyekundu, kifua kizima. Siku mbili baadaye watoto saba walikuwa navyo. Nikawachukua wawili na mama zao mpaka hospitali ya misheni.

Pale kuna sista mmoja ambaye ndiye daktari. Akawaangalia watoto, akawapapasa shingo, akasema si surua ile tunayoijua, huenda ni rubela, kwa watoto ni mambo ya siku tatu tu, wapewe uji na wapumzike. Kisha akaniangalia mimi, tumbo langu ambalo hata halikuwa limetokeza, akaacha kuandika.

"Mwalimu, una mimba?"

"Ndiyo, Sista. Miezi miwili na nusu."

"Uliwahi kuugua hii? Utotoni?"

"Sijui, Sista."

"Mama yako atakuwa anajua."

Nikamwambia mama yangu amefariki. Akashusha miwani. Akanieleza taratibu kwamba ugonjwa huu mdogo kwa Edita, ukimpata mama mwenye mimba changa, unaweza kumharibia mtoto macho, masikio, hata moyo. Lakini aliyewahi kuugua haugui tena, maana ugonjwa ukipita mwilini unaacha kingamwili, na hizo hukaa kwenye damu maisha yote. Akasema tuchukue damu siku hiyohiyo. Ikichukuliwa mapema hivyo, kingamwili zikionekana zitakuwa ni za zamani, maana mpya zitakuwa bado hazijapata muda wa kutengenezwa. Kipimo chenyewe hapa hakuna. Kipo Dar es Salaam, kwenye maabara ya mtu binafsi, maana siku hizi ni ruksa, mama, hata damu ina duka lake.

Nikajaza karatasi. *Umewahi kuugua? Umewahi kuchanjwa?* Nikaandika hapana, hapana. Mwandiko wangu ule ambao wewe ulikuwa unawaonyesha majirani ukawa kama wa Edita.

Damu ilikaa kwenye friji la misheni mpaka mkweo Festo alipopata basi. Unamkumbuka Festo alivyokuwa na shati la ushirika? Ushirika umepunguza watu, sasa anauza vipuri vya baiskeli sokoni, na Dar huwa anakwenda kuvifuata. Sista akampa kile kichupa kimefungwa vizuri na nailoni, akauliza atakibebea nini kisiharibike njiani. Nami nikaenda juu ya kabati nikashusha chupa yako ya chai. Ile ya maua mekundu. Ile ambayo baba mwenyewe akiomba chai ya humo ulikuwa unamjibu, "Hiyo ni ya wageni." Tukaijaza vipande vya barafu, kichupa katikati, Festo akaipakata kutoka Songea hadi Dar kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nisamehe kwa hilo. Sikuwa na kingine kinachotunza baridi.

Sasa nikuambie jambo ambalo halinipendezi. Katika siku zile za kusubiri nilikulaumu. Mama mdogo Skola alikuja kutoka Namtumbo kukaa na mimi, na kila siku nilimuuliza, "Mama mdogo, mimi niliwahi kuugua rubela?" Naye anajibu, "Rubela? Huyo ni mke wa nani?" Ananicheka, anaendelea kupukuchua mahindi. Mimi naingia chumbani nalia. Nikasema moyoni, mama gani huyu ameondoka na kila kitu kichwani mwake, hakuacha hata kikaratasi cha kliniki, hakuacha hata neno. Nililisema hilo kwa sauti siku moja na Mama mdogo akalisikia. Alichukua ungo wake akahamia nje.

Tulisali novena, siku tisa, mimi na Mama mdogo na mama yake Edita. Tuliomba jambo moja: damu yangu ikutwe safi. Hasi. Maana unajua wewe mwenyewe mambo yalivyokuwa yameanza hata kabla hujaondoka; siku hizi mtu akisikika amepimwa damu, mtaa mzima unajua maana yake ni gonjwa lile, na majirani wameshaanza kukupa pole kwa macho. Hasi ni uzima. Pozitivu ni kaburi. Maelezo ya Sista kuhusu kingamwili hofu ilikuwa imeshayafuta; nani asingeomba hasi?

Festo akarudi siku ya kumi na mbili, asubuhi, chupa kwapani. Hakunisalimia. Alisimama mlangoni, midomo imekauka kwa vumbi la njia.

"Mke wangu," akasema, "tumepatikana."

Bahasha aliifungua njiani. Karatasi nzima Kiingereza, lakini neno moja Festo analijua, kama Songea nzima inavyolijua: pozitivu. Limepigwa mashine kwa herufi kubwa. Mama mdogo akaanza, "Yesu, Maria na Yosefu," akashindwa kumalizia. Mimi nilishika tumbo, nikamwomba radhi mtoto. Kweli nilimwomba radhi, kwa jina nililokwisha kumpa na ambalo sijamwambia mtu.

Tukapanda gari la kwanza kwenda misheni. Sista alipotuona akauliza, "Nani amekufa?" Festo akampa karatasi kwa mikono miwili. Sista akaisoma, akairudia, akavua miwani.

"Pozitivu," akasema. "Mshukuruni Mungu."

Festo akaruka. "Sista! Unatuombea mabaya?"

"Wewe, kaa chini. Kipimo hiki hakitafuti ugonjwa, kinatafuta kinga. Pozitivu maana yake kinga ipo. Na ni ya zamani, siyo ya mwezi huu. Mwalimu, ulishaugua hii miaka mingi iliyopita. Mtoto wako hana shida na vipele vya Edita."

"Lakini mimi sijawahi kuugua, Sista."

"Damu yako inasema umewahi."

Mama, nilicheka. Nililia kwanza, halafu nikacheka mpaka sista akaniletea maji. Siku tisa tumepiga magoti tunamsumbua Mungu atupe jibu ambalo lingetumaliza, naye akakaa kimya, akatuacha tuchoke. Festo alitoka nje akamkumbatia mlinzi. Mlinzi hakujua kuna nini lakini naye akamkumbatia.

Nyumbani Mama mdogo alikuwa amekaa pale kibarazani, rozari mkononi, hajapika. Nikamweleza yote, kwamba kinga ipo, kwamba niliugua vipele vya siku tatu zamani sijui lini, huenda na tezi zilivimba nyuma ya masikio, sista alisema ndivyo unavyokuja. Mama mdogo akanitazama. Akashika kiuno.

"Vipele vya siku tatu? Tezi nyuma ya masikio? Si ule mwaka mlipopata mgeni!"

Nilikaa chini.

Maana mwaka ule naukumbuka, mama. Nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa bani anaangalia moto wa kukaushia tumbaku. Ulinilaza chumba cha ndani, ukaziba dirisha kwa kaniki. Ulininywesha uji kwenye kikombe cha wageni, na nilijiona nimekuwa mtu mkubwa. Watu wakibisha hodi ulitoka mlangoni ukasema, "Tuna mgeni," nao wakarudi bila hata kukaa. Kaka zangu walipopiga kelele ukawanyamazisha: "Mgeni hapendi makelele." Na mimi humo ndani nilikuwa namsubiri aje nimwone. Nikapitiwa na usingizi, nikaamka, nikauliza yuko wapi, ukasema ameshaondoka. Nililia sana kwamba ameondoka hatujaonana.

"Atarudi?" nilikuuliza.

"Harudi. Nyumba aliyokwisha kulala, huyu harudi tena."

Nikaona ni mgeni mwenye majivuno. Mpaka nimekuwa mwalimu, nimeolewa, kichwani mwangu mgeni yule alikuwa mjomba fulani wa Tunduru, mrefu, ana mkoba.

"Alikuwa ni vipele!" Mama mdogo alikuwa anajipiga mapaja. "Dada hakutaja ugonjwa mbele ya mgonjwa hata siku moja. Alisema ukiuita kwa jina unavuta kiti. Kwa hiyo kila ugonjwa ni mgeni tu. Wewe ulikuwa umejaa vipele mpaka kwenye kope, unamsubiri mgeni, na mgeni ni wewe umemvaa!"

"Sasa Mama mdogo, wiki tatu nalia humu ndani. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza rubela. Rubela mimi namjua? Ungeniuliza mgeni."

Hana kosa. Mimi na shule yangu ndio tuliokosea mlango. Kisha akafuta machozi ya kicheko, akasema kama anayeongea na mahindi yake, "Ndiyo maana wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone." Msemo huo nimewafundisha watoto wa watu, na sikuwahi kuusikia vizuri mpaka jana.

Kuna jambo jingine, na hili Mama mdogo hakunikumbusha, nililikumbuka mwenyewe usiku nikijigeuza kitandani. Mkono wako. Kila niliporudi likizo, kabla hujapokea mzigo, kabla sijamaliza kusema shikamoo, vidole vyako vilikuwa vimeshapita nyuma ya masikio yangu, huku na huku. Nilidhani unatafuta uchafu. Nikiwa msichana nilikuwa nakerwa, nakwepa kichwa. Hata siku ya harusi yangu, nimevaa shela, padri anasubiri, ulinishika hapo. Nilikuambia, "Mama, nimeoga!" Watu wakacheka, nawe ukacheka, ukaondoa mkono. Ulikuwa unaangalia kama mgeni ameondoka kweli. Miaka yote ile.

Naomba unisamehe kwa lile neno nililolisema. Nilisema hukuacha kitu. Ulinilinda siku tatu, ukaniambia na ukweli wenyewe kwamba harudi, na mtu wa maabara Dar es Salaam na mitambo yake yote hakuwa na la kuongeza juu ya hilo. Nimefarijika, mama. Sijui nilisemeje zaidi. Nakula. Jana jioni nilimaliza sahani mbili za ugali na mboga ya likolo, Festo akaniangalia, akaenda kuongeza maji ya kusonga mwingine. Safari hii Mama mdogo akikusomea kwamba nimenenepa, msadiki.

Edita amepona na anaimba kwa kelele kuliko wote.

Chupa yako imerudi salama, haina hata ufa. Nimeisuuza kwa maji yanayochemka mara tatu. Festo anasema chai ya humo yeye hanywi hata kwa mtutu wa bunduki. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hakuna aliyempangia. Nimeirudisha juu ya kabati, palepale pako, na akiiomba mtu nitamjibu kama wewe, kwamba hiyo ni ya wageni. Tunaye mmoja njiani. Atafika mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa magotini, na huyu, mama, tunataka akae.

Pumzika sasa. Nyuma ya masikio nimeangalia mwenyewe. Hakuna kitu.

Mwanao,
uliyemkagua mpaka siku ya harusi