Nyoka wa Mguuni na Bibi Mwanaidi

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya mkutano wa kijiji wa mwisho wa mwezi, maana nina jina la kutaja na ulimi umekuwa mzito. Mimi nilisimama kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kule Korogwe miaka kumi na minne, na mwaka wa tisa mishipa ya mguu wa kushoto ikaanza kuvimba na kujisokota, nikavaa suruali ndefu nikanyamaza, mwaka jana tukahamia kijiji cha ujamaa huku Misima, nyumba zikapangwa mstari, jirani yangu akawa bibi Mwanaidi, mjane asiye na mtoto, na haikupita miezi mitatu kikatoka kidonda juu ya kifundo, hakiponi. Nikaenda hospitali, daktari akanilaza, akainua mguu, mishipa yote ikatoweka, akanifunga mpira pajani, akanisimamisha, akaufungua, na kwa macho yangu nikaiona ikijaa kutoka juu kushuka chini mbio! Akanipa bendeji ya kuvutika, akasema nipumzike miguu ikiwa juu, lakini nilipomsimulia mganga wetu, mzee Sadala, alisema, "Mshipa haujifichi, Mdoe. Huyo ni nyoka wa kutumwa, umekanyaga kitu njiani." Na njia yangu inapita mlangoni kwa bibi. Bendeji nimefungia mbuzi, maana nikilala miguu juu mchana wenzangu wa shamba la kijiji wataniita kupe. Mzee Sadala anataka nimtaje bibi mkutanoni ahamishwe, kisha anichanje mguu nyoka atoke, na minong'ono imeshaanza, watu hawaendi tena kuomba moto kwake. Kinachonitatiza, kila asubuhi bibi huyo huniletea maji ya moto yenye chumvi, ananiambia, "Oshea, mwanangu, usikikune," nami sijui kama ndiyo uchawi wenyewe. Nimtaje?

Mdoe, Misima, Handeni

Mdoe, pole kwa kidonda. Pole zangu zimeishia hapo.

Mishipa ilivimba ukiwa Korogwe, na bibi umemjua mwaka jana. Alikuroga kwa posta? Umeandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuona.

Hakuna nyoka. Ndani ya mishipa ya miguu mna vilango vinavyozuia damu inayopanda kwenda moyoni isirudi chini. Vyako vimelegea, na kusimama mahali pamoja miaka yote hiyo kumevimaliza. Ukiinua mguu damu inaondoka na mshipa unanywea; ukisimama inaporomoka, inatuama mguuni, ngozi inachoka, kidonda kinatoka. Daktari alikuwa anakupima, wewe ukadhani unaonyeshwa mazingaombwe!

Sasa sikiliza. Mfungue mbuzi. Rudi hospitali ukaombe bendeji nyingine, wakufundishe kuifunga kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, asubuhi kabla hujakanyaga chini. Pumzika miguu ikiwa juu, tembea, usisimame kama mlingoti, na uulize kama mishipa hiyo inafaa kupasuliwa. Anayekuita kupe mwonyeshe kidonda. Sadala asikuguse na wembe wake: mshipa uliovimba ukichanjwa unaweza kumwaga damu mpaka ufe. Ukipasuka, lala, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi, upelekwe hospitali.

Mkutanoni simama, ndiyo. Pandisha suruali mbele ya kijiji kizima, useme huu ni mguu wa korona, maana huo uvumi umetoka kwenu wawili, wewe na Sadala, na wewe ndiwe wa kuuzima. Unauliza umtaje bibi Mwanaidi? Mtaje. Waambie tangu uhamie hapo, ni yeye peke yake aliyekuletea maji.