Mama wa Kihindi Aliyehamia China

Soni, Lushoto
9 Machi 2024

Kwa dada yangu mpendwa Efrazia,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kikohozi cha Loveness kimemwachia. Sisi huku hatujambo. Baba amemaliza kupalilia kabichi za bondeni, na amenituma nikuambie kwamba mwaka huu ukungu hauondoki hadi saa tano. Mimi nasubiri majibu ya maombi ya kazi. Shahada yangu imetundikwa sebuleni, mahali ambapo kila mgeni lazima aione. Si mimi niliyeitundika pale, ingawa sikupinga.

Utashangaa kupata barua ilhali simu unayo. Kwenye simu ningeanza kubisha, nawe ungecheka, na mambo yangeishia hapo.

Juzi ulinieleza kwamba muuza filamu mmoja wa sokoni Muheza amekuwekea kwenye flashi ile filamu ya Kihindi, nzima, hadi mwisho wake, na kwamba unaningoja Pasaka tuitazame ili nadharia yangu izikwe rasmi. Ulisema miaka kumi na mitatu inatosha kwa mtu kutetea uongo wake mwenyewe. Hukujua ulivyokuwa karibu na ukweli.

Nadharia yenyewe naiandika hapa kwa heshima inayostahili. Yule mama mgonjwa, ambaye CD hukwama akiwa bado kitandani, daktari akiwa ameshika kitasa cha mlango, hakufa. Alipona, akavuka milima ya theluji, na ndiye yule mwenye nyumba ya wageni katika filamu ya Kichina, anayewamwagia majambazi supu ya moto. Kovu ni lile lile, juu ya nyusi ya kushoto. Kitambaa anakifunga vile vile, na kabla ya kusema neno zito huweka mkono kiunoni. Ulinipinga kwamba mmoja anasema Kihindi na mwingine Kichina. Nikakujibu kwamba mtu husema lugha ya anakoishi, na wewe mwenyewe tangu uolewe Muheza unatugombeza kwa Kibondei. Ukasema mimi ningebishana hata na mwamba wa Irente, na mwamba ungeomba radhi. Siku nyingine ulileta hoja nzuri zaidi: filamu ya Kihindi ina teksi na simu, ya Kichina ina farasi na mapanga, hivyo huyo mama alihama akirudi nyuma miaka mia tatu. Nilisema tu kwamba milima ile ni mirefu.

Lile banda la video la Mzee Ramadhani sasa ni ghala la viazi. Nikipita pale bado nasikia harufu ya masweta yaliyolowa, na namwona mzee akiifuta ile CD kwa kanzu, kisha kwa dawa ya meno, kisha akiiinua dirishani kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Mwisho alikuwa akitutangazia kwamba Wahindi wamechoka, lakini Wachina hawachoki, na kuweka ile nyingine.

Dada, CD ile haikuharibiwa na deki.

Mama alikuwa amelazwa wiki ya tatu. Jumamosi, tukitoka kumwona, ulinishika mkono njiani ukaniambia kwamba umejiwekea ishara: kesho baada ya ibada utaitazama ile filamu mpya, na yule mama akipona, Mama yetu naye atapona. Ulikuwa na miaka kumi na sita na ulisema bila shaka yoyote. Alasiri ile ile nilitangulia kuitazama peke yangu, nihakikishe. Daktari anafungua mlango, na mama ameshakufa. Mzee Ramadhani alipokwenda kuswali, niliitoa CD nikaiburuta kwenye sakafu ya saruji mara tatu.

Jumapili filamu ikakwama. Ulinigeukia na uso ambao sitausahau. Kisha wakaja Wachina, nikaona mwanamke mwenye kovu, nikasema jambo la kwanza lililonijia mdomoni. Ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu Mama alazwe. Siku tisa baadaye tulimzika, na wakati wa matanga ukaniambia kwamba pengine naye amevuka. Tangu hapo ningewezaje kushindwa hoja?

Wiki iliyopita nilikwenda kumwomba radhi Mzee Ramadhani. Aliniambia kwamba alijua siku ile ile, kwa sababu deki hukwaruza kwa duara, na mikwaruzo yangu ilikuwa imenyooka kama ya rula. Alinyamaza kwa kuwa alikuona ukicheka.

Sijui kama ulistahili kudanganywa hivyo, na sitajitetea. Ninakuomba jambo moja tu: usiitazame kabla sijafika. Pale kwenye kitasa cha mlango nilifika peke yangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Sitaki wewe ufike hapo peke yako.

Nisalimie shemeji kwa heshima, na Loveness umwambie mjomba yu njiani. Baba anawaombea nyote. Mwenye kukuletea barua hii ana mapeasi yako. Yahesabu mbele yake, maana namfahamu.

Mdogo wako akupendaye,
Tobia