Pawa saplai nzito

Doto, usicheke. Ukicheka tu, urafiki umeisha.

Unakumbuka kompyuta yangu ya gemu inajizima tangu niweke ile kadi ya picha uliyoniuzia? Leo nimenunua pawa saplai kubwa, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme, imeandikwa wati 750. Dukani nilishika mbili, nikachagua nzito. Si wewe uliniambia nzito ndiyo yenye shaba?

Nafika nayo nyumbani Ipuli, namkuta mama anauza asali yake. Akaipokea, akaiinamisha taratibu huku, akaiinamisha kule, vile anavyokagua ndoo ya mtu aliyetia maji. Akasema, "Hii imetiwa kitu."

Nikamwambia, mama, huu ni umeme, siyo asali.

Nilimwambia hivyo, Doto. Mbele ya wateja.

Akachukua bisibisi, akaifungua mwenyewe. Ndani kuna kibao cha saketi kidogo kama kiganja, na kipande cha tofali kimegandishwa kwa gundi.

Tofali, Doto. Wati 750 za tofali.

Sasa hivi yuko chumbani kwangu, ameshika ile kadi ya picha, anaiinamisha taratibu.

Anauliza nani aliniuzia. Nimjibuje?