Kilo za Mtoto Isaka

Kijiji cha Ujamaa, karibu na Kinampanda
3 Februari 1975

Shangazi Dorika,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje na kusimama wodini? Mimi ni mzima, ila panya wa nyumba hii wanajiona ndio wenye kijiji na mimi ni mgeni wao.

Nina swali, na usinicheke. Wewe una miaka kumi na saba kwenye wodi ya watoto, mimi nina miezi miwili kwenye zahanati. Kitabu changu cha dawa kinaeleza kiasi cha mtu mzima, cha mtoto wa shule na cha mtoto wa mwaka mmoja. Chini ya hapo kimeandika “kwa uzito”, kikanyamaza. Mizani ya watoto sina. Basi nimekuwa nikigawa: nusu ya mtu mzima, nusu ya hiyo nusu, mpaka nafika kwa mtoto mchanga. Hesabu inakubali lakini moyo haukubali. Kwani mtoto mchanga si mtu, ila mdogo tu? Kwa nini nusu ya nusu isitoshe?

Mtoto wako,
Naftali

Singida Mjini
14 Februari 1975

Mwanangu Naftali,

Marahaba. Miguu imevimba, lakini bado ni yangu. Baba yako hajambo, anakusalimu na kuuliza lini utaoa.

Nusu ya nusu! Ilibidi nikae chini. Mtoto mchanga si mtu mzima aliyekatwa vipande. Figo zake ndiyo kwanza zinajifunza kazi. Dawa ambayo wewe unaikojoa hadi jioni, yeye anabaki nayo. Ndiyo maana hatugusi bomba la sindano kabla ya kujua ana siku ngapi na ana kilo ngapi. Siku, si miezi. Wa siku tatu na wa siku ishirini hawachomwi kwa saa zilezile.

Ukimpa pungufu, wadudu wanabaki na yeye anakwisha. Ukizidisha, inategemea dawa. Penisilini husamehe kidogo. Streptomaisini haina huruma, ikizidi hula masikio, na yakishaliwa hayarudi. Nimekunakilia chati yetu nyuma ya karatasi hii. Tafuta mizani, hata ya kuazima. Na uendelee kuuliza, maana mganga asiyeuliza namwogopa kuliko ugonjwa.

Shangazi yako,
Dorika

Kijijini
6 Machi 1975

Shangazi yangu,

Shikamoo. Poleni na mvua, kama huko nako inanyesha hivi. Huku barabara ya Kiomboi imekatika. Ni lori la mahindi tu linapita, tena kwa njia ya kuzunguka, na halichukui mgonjwa.

Mizani nimepata! Iko duka la ujamaa, ile ya kupimia sukari, ina sahani pana na mawe yake yote. Mselemu mwenye kuliangalia duka alikubali bila maneno. Aliyekataa ni Bibi Anastazia. Juzi binti yake, Felista, alileta mtoto wake wa kwanza, Isaka, wa siku tisa, kitovu kinatoa usaha, mwili wa moto, siku mbili hanyonyi. Bibi akasema, “Mjukuu wangu hawekwi panapowekwa vitu vya kuuzwa. Ukimweka pale, umeshamtaja bei.” Nilibembeleza mpaka mate yakanikauka.

Basi tukafanya hivi, na nadhani utanisifu. Nilifunga nyungo mbili kwenye ufito imara, mmoja kila ncha, nikauning'iniza katikati mlangoni pa zahanati. Upande mmoja mtoto, upande wa pili mtama wa bibi mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka zikalingana. Mtoto hakufika dukani kabisa. Bibi na mama mkubwa wa mtoto wakaupeleka mtama kwa Mselemu huku mimi nachemsha bomba. Wakarudi na jibu: kilo tatu kamili. Nimefuata chati yako, penisilini na streptomaisini. Felista anasema alimzaa mwezi mmoja kabla ya siku zake, lakini amejitahidi, sivyo?

Naftali, mtoto wako

Singida Mjini
8 Machi 1975

Naftali,

Salamu baadaye, dereva wa lori ananisubiri.

Kuning'iniza nyungo ni akili, nakusifu. Lakini hiyo namba siiamini. Mwezi mmoja kabla ya siku zake, siku tisa, hanyonyi, halafu kilo tatu? Nimepokea mamia ya watoto wa namna hiyo mikononi, sijapata kuona. Mpime tena kabla ya sindano nyingine yoyote ya streptomaisini. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe na mtama mpaka kwenye sahani, uangalie kila kitu kwa macho yako.

Shangazi

Kijijini
2 Aprili 1975

Shangazi,

Shikamoo. Kama umekasirika kwa ukimya wangu, una haki. Nilikuwa naona aibu kushika kalamu.

Barua yako ilinikuta siku ya saba ya dawa, bomba likiwa jikoni linachemka. Nikalitoa. Tukampima Isaka upya, nikafuatana na mtama hatua kwa hatua. Mtama ulipotolewa kwenye ungo na kutiwa kapuni, Bibi Anastazia alichota konzi mbili za mikono miwili kutoka kwenye kibuyu chake akaongeza. Mama mkubwa naye akaongeza mbili. Nikauliza, “Hizo za nini?” Wakanishangaa mimi. Bibi akasema, “Nyongeza, kama siku ile! Hata muuza karanga hukupa nyongeza. Nimpimie mjukuu wangu kwa ubahili?”

Nikautoa wote ulioongezwa, nikampelekea Mselemu uliobaki. Kilo mbili na robo. Siku zote zile nimemchoma kwa kilo tatu, shangazi. Theluthi nzima ya ziada!

Homa imekwisha, kitovu kimekauka, ananyonya mpaka Felista analalamika. Lakini masikio? Mtoto wa wiki tano utajuaje kama anasikia? Naogopa kujua na natamani kujua. Nyumbani kwao sijasema neno. Wananiletea maziwa kila asubuhi, na hayashuki kooni.

Mtoto wako mkosaji,
Naftali

Singida Mjini
11 Aprili 1975

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nilikuwa nimeanza kuwaza mabaya zaidi.

Msubiri anapoanza kusinzia, ameshiba. Simama nyuma ya kichwa chake, asikuone, asihisi upepo wa mikono yako, kisha piga kelele moja kali. Akishtuka, mshukuru Mungu, lakini usimalize hapo: rudia kila mwezi, maana dawa ile inaweza kuanza kula baadaye.

Halafu waambie. Na usimtwike bibi. Yeye alipima upendo, kupima dawa ilikuwa kazi yako. Ukikaa kimya, mwakani atawaongezea wengine.

Shangazi yako anayekupenda,
Dorika

Kijijini
5 Mei 1975

Shangazi Dorika,

Shikamoo. Mimi mzima, na sasa maziwa yanashuka.

Nilitumia vifuniko viwili vya sufuria. Isaka alirusha mikono yote miwili juu akalia kwa hasira. Nikapiga tena upande wa pili, kutaka kujua tu, Felista akanitoa nje. Nimelia, shangazi, nyuma ya zahanati, wala sioni haya kukuandikia. Nitarudia mwezi ujao na miezi itakayofuata.

Kisha nikawaambia, kama ulivyonielekeza. Nilisema kosa ni langu, nilipaswa kubeba mtama mwenyewe. Bibi Anastazia aliuliza maswali mengi kuliko mimi nilivyowahi kukuuliza wewe, taratibu, moja baada ya jingine, mpaka akaelewa. Akasema, “Kwa hiyo zile konzi zangu, mlimchoma nazo pajani.” Akachukua kibuyu chake akaondoka.

Siku ya tatu nilimwona anapita mbele ya zahanati, Isaka mgongoni, bila kugeuza shingo. Nikamfuata. Aliingia dukani, watu wamejaa wanasubiri sukari. Akamfungua mtoto, akaifuta sahani ya Mselemu kwa kitenge chake, akamlaza pale uchi mbele ya wote. Akarudi nyuma hatua moja, mikono ameifumbata kifuani.

“Soma,” akaniambia.

Nikasoma. Kilo tatu na robo.

Mtoto wako,
Naftali