Neno Nililombandika Mwanetu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote wa nyumbani. Natumaini mnajikongoja, maana tangu binti yako aumie mkono sithubutu kuuliza kama mko salama. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni utayasoma.

Umeniuliza ni nani aliyeandika ripoti ya ajali. Kwanza nikueleze siku yenyewe. Mashine ya pasi hapa kiwandani hujifunga yenyewe, na zamani mtu alipata muda wa kutandaza shati na kutoa mikono. Siku ile msimamizi aliukata muda huo nusu, kwa kuwa mashati yalitakiwa haraka. Wanawake walihema kama waliokimbizwa na nyuki. Fundi wa mashine alimwambia msimamizi kwamba binadamu hana mikono ya chuma. Akajibiwa kwamba mlango wa kutokea uko wazi. Saa nne asubuhi kifuniko kikashukia vidole vya mwanetu.

Sasa wakubwa wanasema alijiumiza kwa papara zake, kwa hiyo hawatamtibu wala kumrudisha kazini. Ushahidi wao ni neno moja la Kiingereza katika ripoti, frenetic, yaani pilikapilika za mtu aliyepagawa. Ati ndivyo alivyofanya kazi, mtoto ambaye hata chai huinywa kwa kituo.

Kaka, ripoti niliiandika mimi. Hapa wananiita Kamusi, na jina hilo lilinilevya. Mwanzoni niliandika kweli: kasi ya mashine ndiyo iliyokuwa frenetic. Msimamizi akasoma, akacheka, akaukata mstari kwa wino mwekundu. "Neno tamu, Kamusi," akasema, "ila limekaa pabaya. Mpe binti."

Nikampa. Mimi ninayehubiri kila mchana kwamba kuwaogopa wakubwa ni utumwa, niliogopa kukosa kazi, nikaiuza damu yangu.

Shauri mlilofungua litasikilizwa Alhamisi. Ndani ya bahasha hii kuna ile nakala ya kwanza, mwandiko wangu na wino mwekundu wa msimamizi. Mfikishie wakili wenu leo hii. Nitakuja kusema yote mbele ya wakubwa, wakinifukuza, wanifukuze.

Jana binti aliniandikia kwa mkono wa kushoto. Anashukuru kwamba nipo kiwandani, angalau ana mtu wa kumsemea kweli. Nisalimie shemeji, ikiwa bado atazipokea salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako, usiponikana.