Tangazo Mlangoni mwa Kinu

Bonde la Tamarack, New York
Oktoba 1846

Kwa dada yangu Keziah,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Elnathan na watoto wote, na yule mchanga ambaye bado sijambeba. Natumaini kikohozi cha shemeji kimempa nafasi ya kulala. Mimi mwili ni mzima, nakula na kazi zangu nafanya. Utulivu ndio umenikimbia, na ukisoma mpaka mwisho utajua umekimbilia wapi.

Barua zako tatu nimezipata zote kwa mkupuo, Jumamosi iliyopita. Usidhani nilizipokea nikanyamaza. Zilikuwa zimelala posta kwa sababu barua hulipiwa na anayeipokea, na mwenye mkoba nyumbani hapa ni Zenas. Kila akirudi kutoka posta alikuwa akiniambia hakuna kitu, nami nikimwamini, kwa sababu mume akisema hakuna barua, mke atabisha kwa lipi?

Nilikuandikia kiangazi kwamba Zenas amepata wazimu wa kuhamia Wisconsin, ambako anasema jembe halijawahi kugonga jiwe. Mnunuzi wa shamba alikwishampata, Bwana Van Alen wa ng'ambo ya kilima. Lakini unajua sheria: mume hawezi kuuza ardhi ikauzika sawasawa mpaka mke aachie theluthi yake, ile inayomlinda akibaki mjane. Tena hakimu hana budi kumtoa mume nje na kumuuliza mke peke yake kama anatia sahihi kwa hiari. Basi Mzee Averill, hakimu wetu wa kata, alimtoa Zenas barazani, akaniuliza, nikamwambia hapana. Shamba la chini lilinunuliwa kwa fedha ya marehemu baba, na ile mitufaha nimeipandikiza kwa mikono yangu, mwaka huu ndio kwanza imezaa matufaha ya kujaza pipa. Zenas hakugomba hata kidogo. Hapo ndipo ilinipasa kushtuka, maana huyu mtu akigomba mambo huwa salama.

Sasa sikiliza. Tangu tuoane, gazeti likifika siku ya Ijumaa, Zenas hutusomea matangazo baada ya chakula, mimi na paka. Habari za Washington hana haja nazo. Yeye hupenda yale ya ng'ombe waliopotea na alama zao za masikio, masufuria ya mjane yanayonadiwa, mwanafunzi wa seremala aliyetoroka na bwana wake anatoa zawadi ya senti moja kwa atakayemrudisha. Tulikuwa tukicheka, Mungu anisamehe, na tuliyoyacheka zaidi ni yale ya wake waliowatoroka waume zao. Mwezi wa Septemba gazeti likakoma. Mara farasi wa posta amechechemea, mara mpiga chapa mgonjwa, mara amelisahau kwa mhunzi. Nikaanza kumtazama.

Nikapeleka kipipa cha siagi dukani kwa Bwana Tillotson. Ana chuma chake chembamba cha kutobolea siagi aone kama chini ni nzuri kama juu, kwa sababu wapo wanaozika mawe humo. Miaka yote hakuwahi kukitumia kwangu. Safari hii alikizamisha mpaka kikagonga ubao, akanusa, akazamisha tena pembeni. Siagi ilikuwa safi. Akaiandika kwa jina la Zenas, lakini nilipoomba flaneli na uzi akaniambia, huku akitazama kofia zake ukutani, kwamba Bwana Holcomb itabidi aje mwenyewe. Nikamuuliza kama mume wangu anadaiwa. Akasema la, mume wangu siku hizi analipa taslimu, juzi tu amechukua buti, kufuli la sanduku na blanketi la safari.

“Blanketi moja?” nikamuuliza.

“Moja, Bi Holcomb,” akasema, akaanza kufuta rafu isiyo na vumbi.

Nilirudi mikono mitupu, na njia nzima nilikuwa nikilifikiria lile blanketi. Jumapili kanisani jirani yangu Philura Stoddard, ambaye tumekuwa tukikalia benchi moja tangu nije bonde hili, aliweka kikapu chake katikati yetu. Nikadhani nimesingiziwa wizi. Nikawashuku wote, Philura, Tillotson, hata mchungaji kwa jinsi alivyonipa mkono haraka. Nyumbani nikawa simimini chai yangu mpaka nimwone Zenas amekunywa yake. Ona nilipofika, dada. Na wewe pia nilikushuku. Nilisema moyoni kwamba Keziah amesikia hilo wanalosema, lolote lile, naye amelisadiki, ndiyo maana haandiki.

Jumamosi nikapeleka mahindi kusagwa. Mwenye kinu ni Mzee Obed Crandall, mtu asiyetumia maneno kumi kwa mwaka. Siku hiyo alinipokea mlangoni, akauegemea mlango kwa mgongo, akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya bata wake, juu ya mvua, juu ya meno ya mkewe, wala hakusogea hata inchi. Unga ulikuwa umemjaa nyusi na jasho linamtiririka humo. Nikajua kuna kitu nyuma yake. Wakati huo kengele ya kinu ikalia. Unajua ile kengele hulia nafaka ikikaribia kwisha, na msagaji asipokimbia mawe yatasagana yenyewe. Mzee Obed alinitazama, akatazama ndani, akaguna, akakimbia.

Pale mlangoni palikuwa pamepigiliwa ukurasa wa gazeti la wiki ile, tangazo likiwa linarudiwa kila Ijumaa, nami nitakunakilia ingawa najua umeshausoma. “Kwa kuwa mke wangu Lovina amekitoroka kitanda changu na meza yangu bila sababu wala kuchokozwa, nawaonya watu wote wasimpe malazi wala kumkopesha kwa jina langu. Sitalipa deni lake lolote tangu leo. Zenas Holcomb, Septemba 14.”

Nilisoma nikiwa nimevaa aproni niliyomkaangia nayo mayai asubuhi ile. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikizifua nguo zenyewe. Chini yake, ukurasa uleule, palikuwa na orodha ya barua zinazosubiri wenyewe posta, na jina langu limo, barua tatu. Mzee Obed aliporudi nilimuuliza watu wanajua nini. Akasema Zenas amewaambia nilikimbilia kwako, akanifuata, nikarudi nimenyenyekea, lakini tangazo analiacha pale mpaka aone kama nimetulia. Akatoa senti zake za kulipia barua, akaziweka sakafuni.

“Nimeonywa nisikukopeshe,” akasema. “Basi sijakukopesha. Nimeziangusha. Wewe ziokote, mwanangu.”

Nilikwenda posta nikazikomboa, nikarudi kinuni, nikakaa kwenye magunia nikasoma barua zako kwa mfululizo. Ya kwanza umeliona tangazo, unauliza niko wapi. Ya pili unasema chumba cha nyuma umekipiga chokaa na kila jioni unaniwekea sahani mezani. Ya tatu umekasirika kwa kuwa sijafika, unauliza kama nimekufa njiani. Nililia, si kwa Zenas, kwa ile sahani.

Ukurasa niliuchana mlangoni nikauficha. Zenas sikumwambia kitu. Jumatatu Mzee Averill akaja tena na karatasi yake, na Bwana Van Alen pamoja naye, maana Zenas alikuwa amewahakikishia kwamba sasa nimelainika. Na kweli, dada, alikuwa amehesabu vizuri. Mke asiyekopeshwa uzi, asiyekaliwa jirani kanisani, angeweza kutia sahihi apate tu kurudishiwa heshima yake. Nadhani kama nisingejua habari za lile blanketi la mtu mmoja ningetia.

Hakimu aliwatoa wote wawili barazani akafunga mlango. Akaniuliza, kama sheria inavyomtaka, kama natia sahihi bila hofu wala kulazimishwa. Nikamtandazia ukurasa mezani, nikaweka kidole penye tarehe.

“Mzee wangu,” nikamwambia, “Septemba 14 ulikuja kuamua ule ugomvi wetu wa ua na Stoddard. Ulikula hapa. Nani alikupakulia?”

Alitazama tarehe. Nilimwona akikumbuka, masikio yakamwiva kwa haya.

“Pai ya matufaha,” akasema polepole. “Nikaongeza kipande.”

“Basi mke aliyetoroka ndiye aliyekukatia.”

Alivua miwani, akaikunja karatasi ya kuuzia shamba, akafungua mlango na kuwaambia wa barazani kwamba mke hakubali. Kisha akampa Bwana Van Alen ule ukurasa asome, akamweleza habari ya ile pai. Van Alen ni mtu mpole. Alimuuliza Zenas kama ni yeye aliyelipia tangazo hili, na Zenas akasema ni mambo ya nyumbani. Van Alen akajibu kwamba alikuwa karibu kununua hiyo nyumba kwa neno la mtu huyo huyo. Akavaa kofia yake akaondoka, na hakimu akamfuata bila kutuaga.

Jioni nilimpakulia Zenas chakula kama kawaida. Alikula. Halafu akasema, bila kuinua sauti, kwamba nimeyafanya makubwa yasiyo makubwa. “Tangazo ni dola moja. Kulifuta ni dola moja. Sahihi yako ilikuwa bure. Nilitaka tu uonje baridi ya nje.” Nikamuuliza ni kwa nini amenunua blanketi moja. Ningeweza kukubali hata uongo, kwamba la pili angenunua njiani, au duka lilibakiwa na moja tu. Aliinuka akaenda kumtazama farasi, na hakurudi mpaka moto ulipozimika.

Sasa nikuambie ninaloona haya kulisema. Wewe uliliamini tangazo ukaniandalia chumba, kumbe mimi nilikuwa hapa nikimchemshia mashati. Laiti ningekuwa na akili ulizodhani ninazo. Lakini wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alhamisi Mzee Obed anapeleka unga kwa gari lake la farasi hadi kwenye mfereji upitao maboti, nami nitakuwa juu ya magunia. Anasema tangazo limekataza malazi na mkopo tu, habari za magari halikuzitaja. Nachukua shuka zangu, vijiti vya mitufaha vya kupandikiza nilivyovifunga kwenye kitambaa chenye maji, na kitabu cha mama. Mengine namwachia. Pipa la matufaha namwachia pia, ale.

Zenas anajua. Nilimwambia leo asubuhi, na alichouliza ni kama nitatia sahihi kabla ya kwenda. Mpaka nife, shamba hili halimtoki mikononi bila theluthi yangu kulifuata nyuma, na Wisconsin aitazame kwa mbali.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na yule mchanga mwambie mama mdogo yuko njiani. Ile sahani usiiondoe mezani. Boti hufika kwenu Jumamosi jioni, na nitakuwa na njaa.

Ni mimi mdogo wako, na sahihi yangu naiweka hapa, mahali pengine sijaiweka,

Lovina